Mbezi hadi Marangu na Mtoto Anayeanza Kula

Kila Desemba Wachaga wa Dar es Salaam hufunga biashara na ofisi wakarudi Kilimanjaro. Mimi nimeolewa huko, na mwaka huo bibi alitaka kumwona mjukuu wake kabla ya Krismasi. Mjukuu mwenyewe alikuwa na miezi minane, meno mawili ya chini, na ndiyo kwanza amezoea kijiko.

Nguo na zawadi hazikunisumbua. Kilichoninyima usingizi ni chakula cha mtoto. Kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi Moshi ni zaidi ya kilometa 500, na basi la mchana hutumia saa tisa au kumi foleni ya Kibaha isipokuwa mbaya. Mtu mzima hujikaza kwa soda na biskuti mpaka Korogwe. Tumbo la mtoto wa umri ule ni dogo, halipokei zaidi ya kikombe kimoja kwa mlo. Linajaa upesi na njaa inarudi upesi. Anatakiwa ale mara mbili au tatu kwa siku na kunyonya katikati, na mlo uliorukwa mchana haufidiwi kwa kumshindilia jioni.

Ndugu walinishauri nipande basi la usiku. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, wengi wao wamehamia huko, wakisema mtoto hulala njia nzima. Nilifikiri nikakataa. Usiku huoni unachomlisha, huoni maji unayonawia, na wauza ndizi wa Segera wamelala. Shoga yangu naye alinisihi nibebe kopo la maziwa ya unga na chupa ya kunyonyea. Hilo nalo nililikataa. Chupa inataka kuchemshwa kila baada ya matumizi, na ndani ya basi hakuna jiko. Maziwa yangu yapo, safi, yana joto lake, hayahitaji sufuria. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya huku akila mpaka atimize miaka miwili na zaidi. Kwangu, safari ndefu ni sababu ya kumnyonyesha zaidi.

Kliniki ya mwezi huo nesi alipima uzito, akaandika kwenye kadi, akaniuliza tunakwenda wapi. Nilipomweleza alisema, "Mama, huko njiani usimwanzishie chakula kipya hata kimoja. Akiharisha hutajua ni nini kimemdhuru. Mpe alichokwisha kukizoea nyumbani." Kisha akauliza nampikia uji gani. Nikamwambia wa mahindi na karanga kidogo. Akafurahi kwamba sikununua ule unga wa nafaka saba au nane uliochanganywa. Nafaka na kunde haziivi kwa muda mmoja, na karanga au mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo haiuawi na moto wa jikoni. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Tangu siku hiyo ya kliniki karanga zangu nazichambua punje kwa punje, iliyosinyaa au kubadilika rangi naitupa. Sithubutu hata kumpa kuku.

Alfajiri ya safari niliamka saa 10. Uji niliupika mzito, karibu kijiko kisimame, kwa sababu uji mwepesi ni maji yaliyotiwa rangi: mtoto anashiba bila kupata kitu. Lakini mzito namna hiyo hauwezi kumezwa na mtoto mwenye meno mawili. Hapo ndipo kimea kinapofanya kazi. Mama yangu alinifundisha kuloweka ulezi, kuufunika kwa kitambaa chenye unyevu mpaka uchipue, kuuanika ukauke kabisa, kisha kuusaga. Nilishusha sufuria, nikaacha joto lipungue kidogo, nikatia kijiko kimoja cha chai cha unga ule na kukoroga. Haukupita muda mrefu, ule uji uliokuwa unang'ang'ania mwiko ukaanza kulegea, ukateremka kwenye mwiko kama maziwa mgando yaliyopigwa. Sikuongeza tone la maji. Mbegu iliyochipua ina kimeng'enya kinachokatakata wanga, kwa hiyo uji unakuwa laini na nguvu yake inabaki ileile. Niliurudisha motoni mpaka ukatokota tena, maana kimea chenyewe kilikuwa hakijaiva, kisha nikaumimina ungali unachemka kwenye chupa ya chai niliyokwisha kuisuuza kwa maji ya moto. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa zaidi ya saa mbili kikiwa vuguvugu, na joto la Pwani mwezi wa Desemba halisamehe. Kwenye chupa nzuri kinabaki cha moto, na cha moto ndicho salama.

Mfukoni niliongeza kikombe na kijiko chake, kipande cha sabuni, dumu dogo la maji yaliyochemshwa, kanga mbili na pakiti za ORS. Basi.

Tuliondoka saa 12 asubuhi. Kiti cha pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa Same, mwenye kikapu na uso mpole. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hatujafika Mlandizi alikuwa ameshampakata mtoto na kumtolea biskuti. Nilimwambia, "Bibi, ahsante sana, ila huyu bado hajazijua hizo, na gari likitembea simpi kitu cha kutafuna, asije akapaliwa." Hakununa. Aliirudisha ile biskuti kikapuni, akasema yeye amelea watoto bila kitabu lakini kupaliwa anakujua. Toka hapo akawa msaidizi wangu. Wenye kusafiri peke yao na mtoto wanajua mikono miwili haitoshi: mmoja umshike, mwingine ufungue chupa, na wa tatu unawe.

Chalinze basi lilisimama kushusha abiria. Bibi alinimiminia maji, nikanawa kwa sabuni dirishani, nikampa mtoto uji wake. Alikula vizuri, akageuza uso alipotosheka. Kilichobaki kikombeni nilikimwaga, kwa sababu kijiko kilichoingia mdomoni kinatia mate, na mate huharibu uji haraka. Ndani ya chupa ulibaki mlo wa pili.

Mlo huo wa pili nilitaka aupate Korogwe, kwenye mapumziko ya chakula cha mchana. Basi liliingia kwenye hoteli moja kubwa ya njiani, konda akatangaza dakika kumi. Dakika kumi! Choo kina foleni, kaunta ina foleni, na mtoto hali kwa kukimbizwa. Nilikwenda jikoni kuomba maji ya moto nisuuze kikombe. Mhudumu aliniambia maji ya moto ni ya chai, kama nataka ninunue chai. Nyuma yake birika lilikuwa linafoka. Bomba la kunawia halikuwa na sabuni, na viti vyote vilishikwa na wanaokula chipsi. Nilimlisha mwanangu nimesimama kando ya tairi la basi, bibi wa Same akimkinga jua kwa kanga.

Kwa bahati wachuuzi wa nje walikuwa na utu zaidi. Kijana mmoja alipita na trei ya mayai ya kuchemsha, akataka kunimenyea na kunitilia kachumbari kama anavyowafanyia wengine. Nikamwambia, "Kaka, usilimenye. Nipe lenye ganda zima, lisilo na ufa." Alinichagulia lililokuwa bado na joto. Yai mtoto alishalizoea nyumbani. Nililimenya kwa mikono iliyonawiwa, nikaliponda pamoja na ndizi mbivu niliyoinunua Segera, akala mpaka akalamba kijiko. Barabara ile imejaa vyakula vya namna hiyo: ndizi, parachichi, chungwa la Muheza, kiazi kitamu kilichochemshwa na ganda lake. Ganda ni ulinzi ambao hakuna mkono wa muuzaji unaoweza kuuchafua kama utalimenya wewe. Ilhali ile juisi ya kwenye ndoo, na matunda yaliyokatwa yakapangwa sinia, simpi hata akilia, kwa kuwa sijui maji yake yametoka wapi.

Baada ya Mombo milima ya Usambara inakusindikiza upande wa kulia, halafu inakuja ya Upare, na chini yake nyika kavu yenye joto kali. Mtoto alichoka, akakataa kila kitu. Nilijifunika kanga nikamnyonyesha karibu njia nzima ya Hedaru mpaka Same. Joto lilikuwa linamkausha na maziwa yalikuwa yanamrudishia. Same bibi alishuka, akamgusa mtoto kichwani na kumwombea dua.

Marangu kwa mama mkwe tulifika giza linaingia, baridi imeshashuka kutoka mlimani. Kesho yake asubuhi mama mkwe alikuwa ameshatandaza ndizi mshare jikoni. Alisema, "Mwanangu, wewe pumzika, leo mjukuu anakula mtori." Mtori ndio chakula ambacho Wachaga humpa mwanamke aliyejifungua ili arudishe nguvu, na mimi mwenyewe nilinyweshwa wa kutosha baada ya uzazi. Alichemsha nyama yenye mifupa mpaka ikalainika, akaitoa, akatia ndizi kwenye supu ileile. Zilipoiva alizivuruga kwa mwiko mpaka ukawa rojo laini. Nilimwomba atenge wa mtoto kabla ya kutia chumvi, maana mtoto chini ya mwaka mmoja haihitaji. Alitenga bila neno. Kisha akafanya jambo ambalo sikumwomba: alichukua kipande cha ile nyama, akakitwanga kwenye kinu kidogo mpaka kikawa nyuzinyuzi laini, akakichanganya ndani.

Kitabu chochote cha lishe kitakuambia kwamba ifikapo miezi sita, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inakaribia kwisha, na maziwa peke yake hayawezi kuijaza. Nyama ndiyo inayoijaza vizuri zaidi. Mama mkwe hakusoma kitabu hicho. Alitwanga nyama kwa sababu ndivyo alivyolishwa mume wangu. Ndizi na nyama mwanangu alikwisha kuvila nyumbani, kwa hiyo sikuvunja agizo la nesi. Alimaliza bakuli.

Jambo moja tu lilitaka mazungumzo. Mtoto alianza kukohoa kwa ile baridi, na wifi yangu akaleta asali nzuri amlambishe. Nilimweleza kwa heshima kwamba asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumboni mwa mtoto mchanga hutoa sumu inayolegeza misuli hata ile ya kupumulia, na kwamba hatari hiyo hupungua sana akishatimiza mwaka. Wifi alisema hajawahi kuona mtoto aliyedhurika. Mama mkwe akasikiliza pande zote mbili, akaamua: asali ingoje siku yake ya kuzaliwa. Maziwa ya ng'ombe wake aliyachemsha na kutia kidogo kwenye uji, na kinywaji kikuu cha mtoto kikabaki kunyonya.

Tumekwisha kurudi Dar, na kadi ya kliniki inaonyesha mstari wa uzito haukushuka. Kwa hiyo mama mwenzangu, usiogope kusafiri na mtoto anayeanza kula, wala usibebe jiko zima.

Ombi langu ni kwa wenye hoteli za njiani na wenye mabasi. Birika la maji yaliyochemka kwa ajili ya mama mwenye mtoto halitafilisi hoteli yoyote. Wekeni sabuni kwenye bomba, na benchi moja kivulini. Nanyi wenye mabasi, pale Korogwe tupeni dakika 20.