Sauti Zilizopitia Mesaimeer

Wenzangu wa ushirika wameniomba mara nyingi nieleze Mungu alivyonivusha mwaka 2020, na kila nikianza najikuta nazungumzia kebo, matundu ya kompyuta na skrini mbili zisizofanana. Msaada nilioupata ulikuja kwa njia hiyo, kwa hiyo nitaueleza vile ulivyokuja.

Ninaishi Mesaimeer, kusini mwa jiji la Doha, katika villa iliyokatwa vyumba vidogo vidogo kwa kuta za jipsamu. Nilihamia huku kwa sababu ya makanisa. Hapa ndipo ulipo uwanja wa makanisa, kwenye ardhi iliyotolewa na Amiri Hamad bin Khalifa Al Thani. Kanisa Katoliki la Mama Yetu wa Rozari lilifunguliwa Machi 2008, na majengo ya madhehebu mengine yako papo hapo. Nje huoni msalaba wala husikii kengele. Lakini Ijumaa, siku ambayo wengi wetu tunapumzika kazini, ukishapita ukaguzi wa getini unakuta watu wa mataifa mengi wanasali kila mtu kwa lugha yake. Kwaya yetu ya Kiswahili ilikuwa na saa yake na chumba chake, na kwangu saa ile ndiyo iliyokuwa nyumbani.

Machi 2020 nyumba za ibada zikafungwa kwa ajili ya korona. Mwezi huohuo Eneo la Viwanda, tunaloliita Sanaiya, kuanzia barabara ya 1 hadi ya 32, likazungushiwa ulinzi. Asiingie mtu, asitoke mtu. Waimbaji wetu wengi, hasa wa teno na besi, walikuwa wanaishi kambini kule. Hoteli niliyokuwa nikifanyia kazi ilikosa wageni, na tukaambiwa tukae likizo bila mshahara. Nikabaki chumbani na kitanda, meza moja na kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 7010 iliyokuwa imetumika ofisini kabla ya kuuzwa kwa bei ya chini, pamoja na skrini ya mraba ya inchi 17.

Tulianza kurekodi kwa sababu tulikuwa tunakufa moyo. Mwalimu wa kwaya alipiga kinanda wimbo mzima akautuma kwenye kundi la WhatsApp. Kila mmoja akausikiliza kwa simu moja na kujirekodi kwa simu nyingine, kisha akanitumia mimi. Kazi hii ina mambo yake, nayo nilijifunza humohumo. Anayesikiliza kwa vifaa vya Bluetooth huimba nyuma ya wenzake, maana sauti humfikia imechelewa. Hedifoni za waya ndizo zinazofaa. Anayetuma kama ujumbe wa sauti anaiharibu, kwa sababu WhatsApp huibana sauti ikawa nyembamba. Atume kama dokumenti. Na kila mtu apige kofi moja mwanzoni, pamoja na kofi la mwalimu. Kofi hilo huonekana kwenye kompyuta kama mwiba mmoja mrefu, na ukiipanga miiba yote kwenye mstari mmoja, kwaya imekwisha kusimama pamoja.

Mimi nilirekodi humu chumbani, kiyoyozi kimezimwa kwa sababu ya kelele zake, blanketi nimelining'iniza mlangoni. Asiyewahi kuzima kiyoyozi Doha mwezi wa Mei hajui ninachosema. Ubeti mmoja, unafungua mlango uvute hewa, unarudi.

Shida ilikuwa ile skrini. Natumia Reaper, programu ya kuhariri sauti inayokuruhusu kuijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Ukiwa na sauti zaidi ya ishirini, mawimbi peke yake yanaijaza skrini ya inchi 17. Ukifungua meza ya kuchanganyia sauti, mawimbi yanafichika. Ukirudi kwenye mawimbi, huoni tena nani anavuma kupita kiasi. Nilikuwa napandisha alto bila kuona inakoingia. Macho yaliniuma, na kichwa kilichokuwa tayari kimejaa mawazo ya kodi na ada za watoto kilichoka mapema.

Dada mmoja Mtanzania wa alto alikuwa akingoja kurudi kwao Tanga. Tanzania ilipofungua anga tarehe 18 Mei, alipata ndege, na siku ya kuondoka akaniachia skrini yake pana ya inchi 24. Akasema, "Kaka, hii itakufaa wewe kuliko kuiuza." Nikaipokea kwa shukrani nyingi na sikuweza kuitumia. Skrini ile ilikuwa na tundu la HDMI peke yake. Kompyuta yangu ina VGA moja, ambayo ilikuwa imeshikwa na skrini ya zamani, na DisplayPort mbili. Maduka mengi ya vifaa yalikuwa yamefungwa. Ikakaa ukutani ndani ya boksi lake.

Ndipo kaka yangu alipopiga simu kutoka Mombasa. "Mdogo wangu," aliniita, halafu akanyamaza, na nikajua. Baba alikuwa ametutoka nyumbani Wundanyi, Taita.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya maisha yake yote. Alifundisha kwa noti za do-re-mi alizoandika kwa mkono kwenye madaftari ya shule, sauti nne, mstari juu ya mstari. Mimi nilijua besi kabla sijajua kusoma vizuri. Na sasa sikuwa na njia ya kwenda kumzika. Kenya ilikuwa imesimamisha ndege za abiria za kimataifa tangu tarehe 25 Machi, na hazikurudi hadi tarehe 1 Agosti. Hata kaka aliyekuwa Mombasa alikuwa amefungiwa, kwa sababu tangu tarehe 8 Aprili hakuruhusiwa mtu kutoka wala kuingia Mombasa, Kilifi na Kwale, na ilimbidi ahangaikie kibali. Mazishini waliruhusiwa watu 15. Mtu aliyewaimbia wafu wa tarafa nzima alikuwa anakwenda kuzikwa bila kwaya.

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Nililia, kisha nikawaandikia wenzangu kwenye kundi: naomba tumwimbie baba. Nikataja wimbo mmoja wa Tenzi za Rohoni alioupenda. Hakuna aliyeuliza swali. Kabla ya usiku sauti zilianza kuingia, nyingine kutoka vyumba vya watu wanane kule Sanaiya, ambako mwimbaji alijifunika shuka kichwani ili asiwaamshe waliotoka zamu. Unasikia pumzi yake ndani ya shuka.

Jirani yetu, Mhindi wa Kerala anayetengeneza kompyuta, alisikia msiba akaja kunipa pole. Akaliona boksi, akauliza, akaenda chumbani kwake na kurudi na kigeuzi kidogo cheusi, kichwa kimoja DisplayPort, kingine HDMI. Kigeuzi cha namna hii ni cha bei ndogo, kwa kuwa DisplayPort ya kompyuta nyingi inajua yenyewe kutoa mawimbi ya HDMI. Kinachobadilika ni umbo la tundu na kiasi cha umeme. Ila kinapita upande mmoja tu, kompyuta kwenda skrini.

Tukachomeka. Skrini zote mbili zikaonyesha picha ileile. Akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, akachagua kupanua, na meza yangu ikawa ndefu maradufu. Tukaingia kwenye mipangilio kuieleza kompyuta ipi iko kushoto na ipi kulia, ili kipanya kipite pale macho yanapotazamia. Nikapiga wimbo: kimya. Hapo moyo ulishuka. Mawimbi yanatembea, taa zinapanda na kushuka, na masikioni hamna kitu. Jirani akatulia, akafungua sehemu ya sauti, akanionyesha. Kebo ya HDMI hubeba picha na sauti pamoja, na Windows ilikuwa imeamua kupeleka sauti kwenye skrini mpya, ambayo haina spika. Tukairudisha kwenye hedifoni.

Nikasikia kwaya.

Mawimbi nikayaweka kwenye skrini pana, meza ya kuchanganyia nikaiweka kwenye ile ya mraba. Kwa mara ya kwanza niliwaona wote: soprano juu, besi chini, kila jina na mstari wake. Nilikesha. Usiku ule sikuwa mtu wa kuhurumiwa. Nilikuwa na kazi ya kumfanyia baba, na kazi yenyewe ilinitaka niwe makini. Teno huyu amechelewa, msogeze. Dada yule anakohoa kwenye kituo, mfute. Nilipofika kwenye sauti yangu mwenyewe nililia tena, nikaendelea.

Kaka alipata kibali. Aliucheza wimbo kwa spika ndogo kaburini, na akanipigia simu ili nami niwepo. Waliosimama pale walikuwa 15. Waliomwimbia walikuwa wengi kuwapita, na mama aliniambia baadaye kwamba aliwatambua Wataita kwa matamshi yao.

Watu huniuliza wanunue nini kwanza kwa studio ya nyumbani, na wengi hutazamia nitaje maiki ya bei. Nawaambia watafute skrini ya pili, hata chakavu, hata isiyolingana na ya kwanza, mradi wajue matundu ya kompyuta yao kabla ya kutoa pesa.

Kazi ilirejea, mshahara ukarejea, na ibada zikarejea uwanjani. Skrini hazijaondoka mezani. Dada yangu kule Wundanyi anapiga picha madaftari ya baba, ukurasa kwa ukurasa, na kunitumia. Noti nazifungua kwenye ile ya mraba, naziimba na wenzangu kwenye ile pana, sauti nne, mstari juu ya mstari. Daftari la kwanza tumelimaliza. La pili limeliwa na mchwa pembeni, na dada ameahidi kuwauliza wazee walioimba besi chini ya baba wanakumbuka nini.