Nguzo za Kilwa Kisiwani

Umri wetu umepita miaka hamsini, na kwa mkono wa kulia tuliwaandikia watoto mbao zao tangu ujana. Usiku mmoja kiharusi kilitupiga. Mkono ukafa, mguu ukawa wa kukokota. Ulimi ulisalimika, nasi tulimshukuru Mwenyezi Mungu kwa maneno, lakini moyoni mlijaa hamaki. Tuliona haya kuswali juu ya kiti mbele ya watu, tukaacha jamaa. Chuo nacho tukakifunga, tukisema: tutarudi tukipona.

Tukiwa katika hali hiyo, mwanetu alitutoa kwetu Lindi akatupeleka Kilwa. Kutoka Kilwa Masoko tulivuka kwa mashua. Maji yalikuwa yamekupwa, basi baharia mmoja kijana alitubeba mgongoni hadi pwani, akisema, "Nishike vizuri, maalim." Machozi yalitutoka, naye asiyaone.

Msikiti Mkuu umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, ndiye aliyeupanua upande wa kusini. Kisha upanuzi ule ukaanguka. Tarikh ya Kilwa yasimulia kuwa watu hawakuiacha Ijumaa, bali waliswali chini ya vivuli vya muda, hata katika karne ya 15 Sultani Sulaiman bin Muhammad alipoujenga upya. Nguzo za kwanza zilichongwa kila moja kwa jiwe moja. Za pili ziliungwa kwa vipande vya mawe na chokaa; na hizo za vipande ndizo tuzionazo leo.

Tuliegemea mojawapo, tukajiuliza: watu wale wangalingoja msikiti urudi kama ulivyokuwa, wangaliswali lini? Tukamkumbuka sahaba Imran bin Husayn, ambaye Mtume (S.A.W.) alimwambia katika maradhi yake aswali kwa kusimama, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu. Adhuhuri ikaingia. Tukaswali tumeketi, mwanetu kando yetu.

Mkono haujarudi. Ziko asubuhi ambazo huzuni hutuamsha kabla ya adhana. Lakini chuo kimefunguliwa: sisi twasoma, mwanafunzi mkubwa huandika mbao. Nawe ndugu uliyepatwa, usiifunge ibada yako wala kazi yako kwa kungoja mwili wa jana. Tafuta kivuli, uswali.

Wabillahi taufiq.