Zimwi Linalotujua

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Husemwa kwa kuliwaza: ukiangukia mikononi mwa mbaya, afadhali awe mbaya wa kwenu, kwa kuwa atakubakiza. Nimezisoma riwaya za kuogofya za Kiswahili kwa miaka mingi, na kadiri ninavyozisoma ndivyo faraja ya methali hiyo inavyonipungukia. Lisilokumaliza litarudi. Tena litarudi likijua jina lako, jina la mama yako, na dirisha lisilofungika vizuri. Kwa maoni yangu, hofu iliyo bora kabisa katika nathari yetu imejengwa juu ya jambo hilo moja: kitishacho si mgeni.

Nikiwatajia wenzangu riwaya za kutisha, wengi hukumbuka kwanza za ng'ambo. Si ajabu. Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, ni kazi ya fundi. Lakini tazama hofu yake inavyosafiri: hatari iko mbali, katika ngome ya Transylvania, kisha inapakiwa merikebuni pamoja na masanduku ya udongo na kuvushwa bahari hadi Uingereza. Mwovu ni mtu wa kuja. Akishindwa, nyumba hutulia. Kitabu hicho kilinikosesha usingizi usiku mmoja. Kulipokucha nilikuwa nimepona.

Sikupona upesi namna hiyo kwa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Tumezoea kukifundisha kitabu hiki kwa ajili ya maadili: wema hauozi, na husuda humla aliyeibeba. Mafunzo hayo yamo. Hata hivyo, nawasihi mkisome tena kama kisa cha usiku. Adili, liwali mwema anayesifiwa na watu wake, ana manyani wawili. Kila usiku huwachapa, kisha huwalisha kwa upole. Tunayaona hayo kwa macho ya mjumbe wa mfalme anayechungulia, kabla hatujaelezwa sababu. Sababu inapokuja, haitupi nafuu: manyani wale ni ndugu zake wa damu, waliogeuzwa kwa nguvu za jini, na kuwachapa ni amri asiyoweza kuikataa. Mkono ushikao kiboko ndio uwapao chakula. Sijui sura nyingine katika fasihi yetu inayoutia ubaridi undugu kiasi hicho kwa maneno matulivu kiasi hicho.

Lugha yenyewe imeiweka hofu karibu. Aliyeogopa husema malaika yamemsimama, na malaika hayo, ambayo moja lake ni laika, si wale wa mbinguni bali ni vinyweleo vya mwilini. Hofu ya Kiswahili huanzia ngozini, kama mguso. Nilikokulia, usiku nyoka hakuitwa nyoka, aliitwa kamba. Bibi yangu hakutoa maelezo marefu. Alisema tu kwamba kitu kikiitwa huitika. Mtoto aliyelelewa hivyo huingia katika riwaya akijua tayari kwamba neno si alama tu iliyochapwa karatasini.

Ndiyo maana kichwa cha riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, kilinishika hata kabla sijafungua ukurasa. Ilichapishwa mwaka 1960, baada ya kushinda mashindano ya uandishi wa hadithi. Vijana wengi wa leo wakisikia mzimu huwaza kivuli cha marehemu kinachotembea. Neno hilo lina maana nyingine inayopaswa kutunzwa: mzimu ni mahali, pango au mti mkubwa au magofu, panapopelekwa ubani na kufanyiwa matambiko. Mwandishi ameziacha maana zote mbili zivutane. Kisha anamwingiza Bwana Msa na kiko chake, mtu asiyekubali kwamba marehemu hushika silaha.

Wako wanaosema upelelezi wa Bwana Msa huiua hofu. Mimi naona huihamisha. Mizuka ikishaondolewa kwa hoja, wanaobaki ni watu wanaojuana, waliokula pamoja na kuamkiana kila asubuhi, na mmoja wao ndiye aliyetenda. Mzuka ungekuwa nafuu. Riwaya yake nyingine, ya mwaka 1973, inaitwa Duniani Kuna Watu, na sikumbuki kichwa cha kitabu kinachotisha zaidi kwa maneno ya kawaida zaidi. Hata katika Kisima cha Giningi ya mwaka 1968, ambayo jina lake laita kumbukumbu za makao ya wachawi katika masimulizi, macho ya mwandishi yako kwa binadamu.

Lakini kitabu kilichonigusa kuliko vyote ni Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, kilichotoka mwaka 2001. Mhusika wake mkuu ni mkubwa serikalini, mwenye raha zake, na mwandishi hakumpa jina zaidi ya herufi moja: K. Babu yake aliyekufa zamani anamrudia. Hamrudii ili kumnyonga; anamrudia ili kumwonyesha nchi na watu ambao K ameacha kuwaona. Msomaji hajui jina kamili la K, ila yule mfu anamjua barabara. Hapo methali yetu imepinduliwa. Zimwi linalokujua halikuli likakwisha, kwa sababu halikuja kula, limekuja kuuliza.

Nilikisoma mwaka ambao ukoo wetu ulikuwa ukijadili kuuza shamba alilotuachia babu. Vikao vilikuwa vya amani. Tulizungumza bei, mipaka, minazi iliyozeeka na ada za watoto, na kila hoja ilikuwa ya kweli. Kaburi lake limo katika shamba hilohilo, karibu na mwembe, na katika vikao vitatu hakuna aliyelitaja. Nilipofika mwisho wa riwaya, usiku, sikuogopa kuona kivuli mlangoni. Niliogopa ule ukimya wetu. Katika kikao cha nne nilimwuliza ami, kwa adabu, iwapo babu akirudi tutamkaribisha wapi. Hakuna aliyecheka. Baada ya kimya kirefu ami alisema kwamba kipande cha mwembe kitapimwa peke yake na hakitauzwa. Shamba lililosalia liliuzwa, kwa kuwa ada zilikuwa za kweli pia. Sidai kwamba riwaya iliokoa kitu. Nasema ilinipa swali ambalo hotuba wala mawaidha hayakuwa yamenipa.

Kwa wale ambao hawatosheki na hofu yenye sura, Euphrase Kezilahabi ameacha Nagona (1990) na Mzingile (1991). Ni vitabu vyembamba. Humo msomaji hupoteza njia kati ya ndoto, mauti na ukimya, na hakuna Bwana Msa wa kumshika mkono. Washairi wenzangu watavifurahia zaidi, kwa sababu sentensi zake zinaendeshwa na taswira kama zilivyo beti.

Nawashauri mambo mawili. Kwanza, visomeni vitabu hivi kwa sauti, walau kurasa chache, mbele ya mtu mmoja wa nyumbani. Fasihi ya kuogofya ilizaliwa mdomoni, taa ikiwa ndogo, na sentensi ya Shaaban Robert au ya Abdulla bado inajua pa kuvuta pumzi. Pili, msiviache viitwe vitabu vya kupitishia wakati. Tunaotunga tuna hazina hapa ya msamiati wa woga, haya, aibu na dhima, maneno ambayo katika mashairi yetu ya siku hizi yanazidi kuwa adimu.

Nami ningependa kujua kitabu kilichoyasimamisha malaika yako, hasa kama ni cha Kiswahili na hakimo katika niliyoyataja. Nitakisoma mchana kwanza.