Kompyuta Iliyoundwa Mezani Petu

Akina mama wenzetu, zamani wazazi waligombana na watoto juu ya redio na televisheni. Siku hizi ugomvi ni wa kompyuta. Katika nyumba yetu, hapa Dar es Salaam, ugomvi huo uliletwa na laptopu ya michezo, ile nene yenye feni mbili na taa za rangi kwenye kibodi. Mjomba wa watoto alimzawadia kijana wetu wa kwanza alipofaulu kidato cha nne. Zawadi ilikuwa njema, nasi tulishukuru. Lakini tangu siku ile kijana alihamia chumbani. Chakula alikula mlango umefungwa, na sala ya jioni tukawa tunasali bila yeye.

Mwaka wa tatu laptopu ilianza kuonyesha mistari kwenye skrini, kisha ikazimika kabisa. Fundi aliifungua akatueleza kwa upole. Katika laptopu za namna hiyo, chipu inayochora picha za michezo huwa imelehemiwa kwenye ubao mkuu pamoja na prosesa. Ikiharibika hiyo moja, kwa kawaida hubadilishwa ubao mzima, na bei aliyotutajia kwa ubao huo ilikaribia bei ya laptopu nyingine. Tena kazi nzito ndani ya mwili mwembamba huzaa joto jingi, na kwa joto la pwani pamoja na vumbi, feni ndogo huelemewa.

Kijana alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Alitaka tukope katika kikundi chetu cha VICOBA, tununue nyingine ya aina ile ile. Wakati huo dada zake wawili walikuwa wanangoja ada ya Januari. Usiku tulikaa sisi wawili, tukaomba, kisha tukapiga hesabu. Katika Injili ya Luka sura ya 14, Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ya kwamba yampasa kuhesabu gharama kwanza. Tulihesabu, na mkopo haukuingia. Tukaamua kwamba akiba iliyopo inunue kompyuta ya mezani, kifaa kimoja kimoja, nayo ikae sebuleni, iwe ya nyumba nzima.

Kijana alinuna siku mbili. Siku ya tatu alileta karatasi yenye orodha ya vifaa. "Naweza kuiunda mwenyewe," alisema. Baba yake akamjibu, "Sawa, ila utaiunda mbele yetu."

Tulidhani kazi hiyo ni ya wataalamu tu. Kumbe vifaa vingi vya kompyuta ya mezani hufuata vipimo vya pamoja viitwavyo ATX, vilivyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995. Kwa hiyo ubao wa kampuni moja huingia katika kasha la kampuni nyingine. Prosesa aliyochagua ni AMD Ryzen 5 5600G, iliyoingia madukani mwaka 2021. Hiyo ina uwezo wa kuchora picha ndani yake yenyewe, hivyo hatukulazimika kununua kadi ya michoro, ambayo mara nyingi ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote. Tulinunua RAM mbili za gigabaiti 8, kwa sababu prosesa hiyo huchora picha kwa kutumia RAM, na mbili zikifanya kazi pamoja huwa na kasi kuliko moja. Monita tulinunua iliyotumika ofisini. Diski ya laptopu, ile ndogo ya M.2, ilikuwa nzima, ikahamia kwenye ubao mpya pamoja na picha zote za familia. RAM ya laptopu haikufaa, kwa kuwa ni fupi kuliko ya mezani.

Jumamosi moja tulitandika meza ya chakula. Kijana aligusa chuma cha kasha kwanza, ili umeme wa mwilini usiunguze vifaa. Akalinganisha pembetatu ndogo ya prosesa na alama ya ubao, ikaketi bila kusukumwa. Mdogo wake wa kike alibonyeza RAM hadi ikalia "ta!" Kisha wakawasha. Feni zilizunguka, lakini skrini ilibaki nyeusi.

Kijana alikaa chini akashika kichwa. Fedha yote ya akiba ilikuwa mezani pale. Baba yake hajui kompyuta, ila amefanya ufundi wa magari miaka mingi. Alichukua tochi, akaanza kufuata nyaya moja moja, akiuliza: "Huu unapeleka wapi?" Wakaulizana na kujibiwa karibu saa nzima. Karibu na prosesa palikuwa na tundu la umeme lisilo na waya. "Na hapa?" Kijana akachomeka, wakawasha, skrini ikaleta maandishi. Kwa miaka mitatu hatukuwa tumewasikia hao wawili wakizungumza muda mrefu hivyo.

Kompyuta hii ina mipaka yake. Michezo mizito ya sasa huendesha kwa shida, au haiendeshi kabisa. Haina betri, hivyo umeme ukikatika huzimika papo hapo, na bado tunaweka akiba ya UPS. Kijana naye hajawa malaika. Hucheza, na hunung'unika saa zikiisha. Lakini sasa huchezea sebuleni, dada zake wakimcheka, na sala ya jioni ikianza tayari yupo.

Kwa wenzetu wanaofikiria njia hii, tuna machache ya kuwaambia. Msibane fedha kwenye pawa saplai, kwa maana mbovu inaweza kuunguza vifaa vingine vyote. Msinunue kasha kuukuu la kompyuta ya ofisini kabla ya kupima, maana baadhi yana vipimo vyake yenyewe. Mkiamua kununua kompyuta nzima iliyotumika, ulizeni kama inakubali Windows 11, kwani Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Risiti zote ziwekeni pamoja.

Chuoni kijana hataweza kubeba kasha na monita. Tulipomkumbusha hilo, alisema vibaki nyumbani kwa ajili ya dada zake. Yeye atatumia maabara ya chuo. Wiki hii anamfundisha mdogo wake kufungua kasha na kupangusa vumbi la feni. Ada ya Januari imelipwa, na kwenye kikundi hatudaiwi.