Mchanga wa Buna Hunywa Kwanza

Mimi ni mtu wa Hola. Nimezaliwa ukingoni mwa Tana, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa Garissa: kusoma rula ya maji mtoni asubuhi na jioni, na kuandika kina daftarini. Miaka baadaye nilikalishwa mbele ya kompyuta nikaambiwa niendeshe SWAT, modeli ya maji iliyobuniwa Texas na Jeff Arnold na wenzake. Chumbani mle ni mimi peke yangu niliyejua kwamba baadhi ya tarakimu tulizoziheshimu vile zilisomwa na kijana anayetetemeka kwa malaria.

Hakukuwa na vitufe vya kubonyeza. Ni folda yenye maelfu ya mafaili ya maandishi matupu, na dirisha jeusi. Unaandika jina la programu, inahesabu miaka mmoja mmoja, inanyamaza. Kusawazisha modeli ni kubadili namba moja, kuiendesha tena, kisha kulinganisha mto wa kompyuta na mto uliopimwa. Ukifanya hivyo kwa mkono mara hamsini utarukwa na akili, kwa hiyo nilijifunza kuandika skripti: sed ibadilishe namba, modeli ikimbie, awk ichomoe safu ya mtiririko, mwisho nipate alama ya Nash na Sutcliffe, mizani ya mwaka 1970. Alama 1 ni ukamilifu. Alama 0 maana yake ungetumia wastani tu, ukaenda kulala.

Usiku wa kwanza niliacha jenereta likinguruma na skripti ikizunguka mara 600. Asubuhi nilikuta alama 600 zinazofanana hadi tarakimu ya mwisho. Skripti ilikuwa ikiandika kwenye folda moja, modeli ikisoma nyingine. Baadaye nikagundua balaa la safu: Fortran ya kale, lugha iliyoandikiwa modeli, huhesabu nafasi, na ukiisogeza namba kidogo tu, 25 husomwa 2 bila malalamiko yoyote. Tangu siku hiyo siamini modeli isiyolalamika.

Tana ilinitesa kwa sababu si mto wa mvua pekee. Tangu bwawa la Masinga likamilike mwaka 1981, maji ya Garissa hupita kwanza mikononi mwa watu wa mabwawa. Hata hivyo nilifika 0.7, nikavimba kichwa.

Ndipo nikapelekwa Buna, kwenye njia ya Wajir kwenda Moyale. Watu walitaka kujua silanga, bwawa la maji ya mvua, lichimbwe wapi lisije likabomolewa na mafuriko ya laga, mto unaotiririka mvua inaponyesha tu. Rula ya maji haikuwepo. Nikachukua mipangilio yangu ya Tana nzima nzima, nikaiendesha, nikachapisha mchoro na kuwaonyesha wazee chini ya mti. Laga yangu ilitiririka miezi minne mfululizo. Mzee mmoja aliutazama, akaniuliza kwa upole:

“Mwalimu, mto huu uko wapi, tukanyweshe ngamia?”

Kosa lilikuwa kwenye namba moja iitwayo CH_K2, kasi ya maji kuzama katika sakafu ya mto, milimita kwa saa. Nilikuwa nimeiacha sifuri, kana kwamba laga imesakafiwa kwa saruji. Katika mchanga safi wa laga, namba hiyo huvuka 50. Mvua kubwa inaweza kunyesha mbali huko juu na laga ya chini ikabaki kavu. Mchanga umekunywa maji yote njiani.

Lakini nisawazishe kwa kipimo gani? Nikaanza kuuliza. Mama mmoja muuza chai alinieleza mafuriko ya El Niño ya 1997: maji yalikuja baada ya Asri, yakapungua kabla ya Alfajiri. Nikamwuliza kina. Akaninyooshea kidole mahali maji yalipofika kwenye mgunga. Saa za swala zikawa daftari langu. Tulipima upana wa laga na mteremko wake kwa kamba na levo, tukaingiza kwenye fomula ya Manning, tukapata kilele cha mtiririko. Modeli ya siku nzima nzima haikufaa kwa maji yanayoisha kabla hakujacha. Nikahamia saa moja moja, na kwa mafuriko ya karibuni nikatumia mvua ya setilaiti ya IMERG, inayotolewa kila nusu saa. Sikuwa tena na Nash ya kujivunia. Nilikuwa na Asri na Alfajiri.

Katika Deyr (vuli) ya 2023, baada ya misimu mitano ya ukame na Gu (masika) moja, mvua za El Niño zilirudi. Kwa mafuriko ya tatu, modeli ilisema yatafika saa ya Magharibi. Maji yalifika Asri.

“Mchanga ulikuwa umeshashiba,” mzee yule akanieleza, kama anayemweleza mtoto.

Nilipitia mafaili yote. Hakuna safu ya shibe. Nikanakili folda, nikaiita “shibe”, nikashusha CH_K2 kutoka 60 ikawa 35, nikahesabu nafasi mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.