Siku Mama Aliporudi Baharini

Sisi ni watoto wa Mombasa. Nyumba tuliyozaliwa haiko mbali na maji. Usiku bahari inapojaa, ukinyamaza utaisikia ikipiga ukuta. Hata hivyo, katika ndugu wanne wa kike na mmoja wa kiume tuliolelewa nyumba ile, hakuna ajuaye kuogelea, na hadi mwaka jana hakuna aliyewahi kupanda chombo kwa ajili ya matembezi. Bahari kwetu ilikuwa kama jirani mliyekosana naye: mnamwona kila siku na hamsemezani.

Sababu tunaijua. Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi mapema, feri ilipinduka Mtongwe, karibu kabisa na nchi kavu, na watu zaidi ya 270 wakafa maji. Mmoja wao alikuwa khalati yetu, mdogo wake mama, aliyekuwa akivuka kuja kazini kisiwani. Mwili ulipatikana siku ya tatu. Mama alimwosha kwa mikono yake mwenyewe. Waliokuja kutupa pole walitukumbusha mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba aliyekufa maji huhesabiwa katika mashahidi, na mama alilipokea neno hilo kwa moyo mkunjufu. Lakini tangu siku hiyo alipiga marufuku bahari nyumbani kwetu. Kila alipolazimika kuvuka Likoni alifumba macho, tasbihi mkononi, mpaka asikie magari yakiwashwa upande wa pili. Barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa, alishukuru kama aliyejengewa yeye peke yake.

Aliyelifungua jambo hili ni mjukuu wake wa miaka minane. Shuleni alikuwa amefundishwa kwamba nyangumi hupita kila mwaka mbele ya pwani yetu. Jioni moja, baada ya chakula, akamuuliza, "Nyanya, wewe umewahi kumwona nyangumi?" Mama, aliyeishi kando ya bahari kwa zaidi ya miaka sabini, akajibu kwamba hajawahi. Mtoto akashangaa. "Lakini wanapita hapa hapa!" Mama hakusema kitu. Baada ya Isha akatuita, akasema, "Niulizieni safari hiyo ni kiasi gani."

Na kweli wanapita hapa hapa. Nyangumi wa nundu huishi sehemu ya mwaka katika bahari za baridi kali karibu na Ncha ya Kusini, ambako hula mpaka miili yao ikajaa mafuta. Majira ya baridi ya huko yanapoingia, husafiri maelfu ya kilomita kuja katika maji ya joto kupandana na kuzaa, na katika ukanda wetu huonekana zaidi kati ya Julai na Oktoba. Jike hubeba mimba kwa karibu mwaka mzima. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita nne hivi, na uzito wake hukaribia tani moja. Lililotugusa sisi wanawake ni hili: katika maji haya ya joto mama yake hali kitu, au hula kidogo mno. Hunyonyesha huku amefunga, akitumia mafuta aliyoyaweka mwilini, mpaka mtoto apate nguvu za kuandamana naye katika safari ndefu ya kurudi kusini. Mwenyezi Mungu ameumba hayo yote na kuyapitisha mbele ya milango yetu, nasi tumelala.

Basi likizo ya Agosti ilipofika, na zamu yetu ya mchezo ikawa imeangukia mwezi uo huo, tukapanga safari ya Shimoni. Tulikuwa kumi na mmoja: mama, sisi ndugu watano, na watoto watano. Tuliondoka baada ya Alfajiri, kaka yetu akiendesha, tukapita Dongo Kundu, Ukunda, Msambweni na Ramisi, kisha tukaacha barabara kuu na kuteremka hadi ufukoni.  Tulifika mapema kwa makusudi, kwani Agosti ni wakati wa kusi, na upepo wa kusi huzidi kadiri jua linavyopanda.

Gatini tulikuta mashua yetu imeshatayarishwa. Watoto walikuwa wa kwanza kukimbilia ngazi, lakini mama akawazuia kwa mkono. Akamwita kijana wa chombo.

"Mwanangu, sisi ni watu wangapi?"

"Kumi na mmoja, bi mkubwa."

"Na jaketi za kuokolea ni ngapi?"

Kijana akageuka, akahesabu. "Nane. Lakini bahari leo imetulia, na watoto mtawapakata."

Mama akaketi juu ya ngazi ya gati, akakunja buibui lake magotini. "Basi watatu katika sisi umeshatutoa," akasema. "Tuambie ni nani."

Hakuna aliyejibu. Wageni waliokuwa wakingoja mashua nyingine walikuwa wakitutazama, na ni haki tukiri kwamba tuliona haya. Mmoja wetu alimwinamia mama na kumnong'oneza kwamba yatosha, tusije tukaharibu siku. Mama hakugeuza hata shingo. Ikapita nusu saa. Jaketi zikaazimwa kwa chombo kingine, zikaletwa, na tatu kati yake zilikuwa za kimo cha watoto. Mama akamvisha kila mjukuu kwa mkono wake, akavuta kila mkanda, akaujaribu tena. Kisha akasoma dua ya safari, nasi tukaitikia, akatia mguu chomboni.

Tulipokuwa tukitoka katika mlango wa bahari ulio kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini, maji yalikuwa kimya. Tulipouacha kisiwa nyuma, mawimbi yakaanza kutuinua. Mtoto mmoja roho ilimchafuka, akapewa ndimu ya kunusa. Mama alikuwa ameshika ubao kwa mikono miwili, midomo ikicheza kwa dhikri. Hakufumba macho. Sote tuliliona hilo, na hakuna aliyelitaja.

Pomboo tuliwakuta kabla ya kufika Kisite, pale palipohifadhiwa kuwa mbuga ya bahari tangu miaka ya 1970. Walikuwa sita au saba, migongo ikipanda na kuzama kwa mpangilio. Watoto wakapiga makelele ya furaha. Lakini hatukuwa peke yetu. Mashua mbili nyingine ziliwaona wakati ule ule, zikaongeza mwendo, na nahodha wetu naye akaongeza. Pomboo wakageuka kushoto. Mashua zikageuka kushoto. Wakazama, wakaibuka mbali zaidi, nasi tukawafuata. Ndipo tukaona kwamba mmoja wao alikuwa mdogo sana, amejibana ubavuni mwa mama yake, na kila walipoibuka walikuwa wakivuta pumzi kwa haraka na kuzama tena.

Pomboo si samaki, ndugu wasomaji, ijapokuwa wengi wetu tumezoea kumhesabu hivyo. Ni mnyama anyonyeshaye, mwenye damu ya moto, na hana budi kupanda juu kuvuta hewa kama sisi. Mtoto wake huogelea ubavuni mwa mama ili mkondo wa maji anaoufanya mama umsaidie kwenda. Wakikimbizwa, mtoto huweza kuachwa nyuma, na wote hukosa wakati wa kupumzika, wa kula na wa kunyonyesha.

Wakati ule hatukuwa na elimu hiyo yote. Mama pia hakuwa nayo. Alitazama kwa muda, kisha akasema, "Zima mashine."

Nahodha akajibu kwa adabu, "Bi mkubwa, nikizima watatuacha. Na hawa watoto wamelipiwa waone."

Alisema kweli, na hapo ndipo tulipopata mtihani. Pesa zilikuwa zetu, za mchezo wa miezi mingi. Simu zilikuwa zimeshainuliwa. Watoto walikuwa wakisihi, "Karibu zaidi! Karibu zaidi!" Baadhi yetu, hatutaficha, tulitamani mama anyamaze dakika tano tu. Kaka akatugeukia na kutuuliza kwa macho. Mama hakurudia maneno yake. Alikuwa akimtazama yule mtoto wa pomboo. Tukatazamana, kisha dada yetu mkubwa akamwambia nahodha afanye alivyoambiwa.

Mashine ikazimwa. Pomboo wakaenda zao, na mashua mbili nyuma yao. Tungependa kuwaambia kwamba walirudi kutushukuru. Hawakurudi. Tulibaki tukiyumba juu ya maji matupu, mtoto mmoja akilia kwamba nyanya amewafukuza pomboo, na sisi tukitafuta la kumwambia.

Huenda ni kwa sababu ya ukimya ule ndipo nahodha alipoona alichokiona. Alisimama, akaelekeza mkono upande wa bahari kuu. Mbali, pengine mwendo wa nusu kilomita, ukapanda moshi mweupe juu ya maji, ukatawanywa na upepo. Ilikuwa pumzi ya nyangumi. Ukapanda wa pili, mdogo zaidi, kando ya ule wa kwanza. Nahodha hakuwasha mashine. Alitutazama, akatikisa kichwa, nasi tukaelewa kwamba na yeye alikuwa ameamua. Mgongo mweusi ukapita polepole, mrefu, ukawa kama hauna mwisho. Kisha mkia ukainuka wote, mpana kuliko mlango wa msikiti, maji yakichuruzika pembeni, ukateremka bila ya sauti iliyotufikia. Tulingoja sana. Haukuinuka tena.

Katika simu zetu hamna picha hata moja ya maana. Mna bahari na kidoa. Yule aliyekuwa akilia alikuwa amenyamaza zamani. Akauliza, "Nyanya, huyu ndiye aliyemmeza Nabii Yunus?"

Mama akamjibu, "Kitabu hakikututajia ni samaki gani. Kimetutajia aliyoyasema Yunus alipokuwa mle ndani. Hayo ndiyo ya kushika." Akamsomesha dua ile, neno kwa neno, juu ya mawimbi.

Adhuhuri tuliswali Wasini, katika kisiwa kisicho na gari hata moja, kwa Wavumba, watu wa dini na ukarimu. Tukala kaa na wali wa nazi. Kisha tukapita juu ya daraja la mbao linalokatiza bustani ya matumbawe na mikoko, ambalo akina mama wa kijiji hulisimamia na kupata kwalo riziki ya majumba yao. Hapo ndipo mama alipozungumza, akiwa ameegemea ubao na kuyatazama maji yaliyokuwa yakianza kujaa.

"Miaka yote hii niliikasirikia bahari," akasema. "Leo nimeona nilimkasirikia asiyekuwa. Bahari haihesabu jaketi. Anayehesabu ni mwanadamu."

Kisha akalitaja jina la khalati yetu, ambalo hakuwa amelitamka mbele yetu kwa muda mrefu, akamwombea rehema. Nasi tukasema amina. Tukamfahamu pia yule mama aliyeketi juu ya ngazi asubuhi, tuliyemwonea haya.

Kwa familia zitakazopenda kwenda, tunawausia machache. Nendeni asubuhi, na msilazimishe safari upepo ukiwa mkali. Nahodha mwema akisema leo hapana, mshukuruni. Hesabuni jaketi kabla ya kuhesabu pesa, na muulizie za watoto kwa kimo chao, kwani jaketi kubwa humvuka mtoto likamwacha majini. Vaeni nguo za stara zilizo nyepesi, na mtandio uliofungwa barabara, kwa kuwa nguo nzito ikilowa huwa mzigo. Kabla ya kuondoka, patana na nahodha kwamba hatawakimbiza wanyama, hatawakata mbele, wala hatajitia kati ya mama na mtoto. Na akiwa karibu nao apunguze mwendo au asimame, awaache wao wachague. Waambieni watoto mapema kwamba huenda wasione kitu. Anayeahidiwa nyangumi huona bahari tupu kuwa ni dhuluma. Anayeahidiwa bahari, nyangumi kwake ni zawadi.

Na jambo la mwisho, ambalo ni zito kwetu. Mama ametoa amri mpya: wajukuu wote, wa kike na wa kiume, wajifunze kuogelea. Kwa wavulana haikuwa shida. Kwa wasichana, na kwa sisi mama zao, bado tunatafuta mahali penye stara na mwalimu mwanamke. Tumeanza kuzungumza na akina mama wa mtaani kwetu, na tumekuta wengi wana hamu na haya ile ile. Ikiwa katika wasomaji yuko mwenye kujua njia, na atujulishe. Si sawa watu wa pwani kuendelea kuwaachia woga watoto wao kama urithi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia majini, na awalinde wanaosafiri leo. Amin.