Mwalimu, wangu nao ulikosewa?

Watoto wa shule ya Jumapili hawana subira na mahubiri. Najua, kwa maana huwafundisha walio kati ya miaka saba na kumi katika kanisa letu hapa Jamhuri. Kila nikianza kueleza jinsi Mungu alivyoumba dunia, kuna anayepiga miayo na kuna anayemvuta mwenzake nywele. Ndiposa nikaamua kwamba safari hii somo la uumbaji litafundishwa na mnyama mwenyewe. Jumamosi moja tukakodi matatu, tukafuata barabara ya Ngong hadi Karen, tukateremkia Lang'ata kwenye kituo cha twiga.

Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Daftarini niliandika kwamba shingo ya twiga hukaribia mita mbili, lakini mifupa yake ni saba tu, sawa na ya mwanadamu. Moyo wake una uzito wa kilo kama 11, na husukuma damu kwa nguvu zinazokaribia mara mbili ya zetu, kwa sababu ubongo uko mbali huko juu. Akiinama kunywa maji damu hiyo ingemfurika kichwani, ila mishipa ya shingo ina vilango vinavyoizuia kurudi, na chini ya ubongo kuna wavu wa vimishipa unaoipunguza kasi. Ngozi ya miguu nayo imebana ili damu isitulie chini. Ndama huzaliwa baada ya miezi 15 hivi, mama akiwa amesimama wima, kwa hiyo salamu yake ya kwanza duniani ni kuanguka kama mita mbili!

Kulikuwa na jambo moja nililolisoma nikalifunika. Mshipa wa fahamu unaotoka ubongoni kwenda kwenye kikoromeo haupiti njia ya mkato. Huteremka shingo yote hadi kifuani, ukazunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, kisha ukaipanda shingo ile ile hadi kooni. Ni safari ya mita nne hivi, kufika mahali ambapo ungefika kwa hatua chache. Hata sisi wanadamu tunao mzunguko huo, ila wetu ni mfupi. Wanasayansi wanaosema kwamba twiga alitokana na wanyama wa shingo fupi huutaja sana mshipa huu. Niliona utanichafulia somo. Sikuuandika.

Kituo hicho kilianzishwa mwaka wa 1979 na Jock Leslie-Melville na mkewe Betty, wakati ambapo twiga wa aina ya Rothschild walikuwa wamebaki wachache mno nchini na shamba walimoishi kule Soy lilikuwa likigawanywa kwa maskwota. Utawatambua kwa miguu: kuanzia magotini kwenda chini hawana mabaka, kana kwamba wamevaa soksi nyeupe. Watoto walipanda jukwaani, wakapewa chakula viganjani, na ulimi mweusi wa karibu nusu mita ukawa unakizoa. Kelele zilizosikika hapo, hata ngiri waliokuwa chini waliinua vichwa.

Nikawakusanya kando nikawafundisha. Somo lilikwenda vizuri mno. Nilipofika kwenye moyo na vile vilango, nikamaliza kwa kishindo: "Mwaona? Kila kitu mahali pake. Hakuna kilichokosewa!"

Mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa wa msichana wa miaka tisa, mwembamba, ambaye kanisa zima linamjua kwa kuwa tulimfanyia mchango. Alizaliwa na tundu moyoni na alikuwa akingojea zamu yake ya upasuaji.

"Mwalimu," akauliza, bila machozi wala hasira, "wangu nao ulikosewa?"

Mwenzangu alianza haraka kuwaimbisha watoto pambio. Nilimwomba angoje. Nilipokuwa na umri wa huyo msichana, swali kama hilo lilijibiwa kwa neno moja: nyamaza. Nami neno hilo lilikuwa limenifika mdomoni. Nilikuwa pia na Zaburi ya 139 tayari, lakini nilimtazama usoni nikajua kwamba ameshasomewa mara nyingi.

Basi nikautoa ule mshipa niliouficha. Nikauchora kwa kijiti mavumbini, kushuka na kupanda.

"Kwa hivyo hata twiga ana kitu kimezunguka ovyo?" akauliza.

"Anacho."

"Na Mungu alijua?"

"Naamini alijua. Kwa nini aliuacha hivyo, mimi sijui. Na wako pia sijui. Niliposema hakuna kilichokosewa, nilisema kwa haraka."

Aliutazama mchoro kwa muda, halafu akaomba ruhusa ya kurudi jukwaani, kwa sababu kulikuwa na twiga mmoja ambaye, kwa maoni yake, hakuwa ameshiba.

Tukirudi alikaa nyuma yangu. Kutoka Karen hadi karibu na uwanja wa maonyesho alikuwa akijipapasa kisogo kwa kidole, akihesabu mifupa. Kila mara alifika mitano. Akanigusa begani na kunishtakia kwamba miwili haipo, na akataka nimhesabie mimi.